Ukingo wa Ziwa Una Upana

Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba umekulia Buzuruga, hatakuuliza habari za samaki. Atakuuliza habari za stendi. Buzuruga ni barabara ya Musoma, ni daladala na bodaboda, ni vumbi la kiangazi na mawe makubwa yaliyopandana juu ya mapaa ya nyumba. Ziwa liko ng'ambo ya vilima. Sisi tulilijua kwa harufu ya dagaa waliopitishwa kwenye malori, na kwa bei ya sato iliyopanda na kushuka bila kututaka ushauri. Ndiyo maana ndugu zangu walishangaa nilipomaliza kusomea upimaji ardhi nikaishia kuchora ramani za mafunjo, matete na magugu maji kwa kutumia rada iliyoko angani. "Wewe hata kuogelea hujui," kaka yangu alinitania. Mpaka leo sijui.

Kazi hiyo imenifundisha mambo ambayo nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye shamba, kiwanja, mtumbwi au neno la kusema kuhusu ufukwe, awe mpimaji au asiwe. Kubwa kuliko yote ni kwamba ukingo wa ziwa si mstari. Ukingo una upana, na anayeuchora kama mstari mmoja, hata akiwa na vifaa bora kiasi gani, atamdhulumu mtu, au atalidhulumu ziwa.

Gugu lililotufanya tutazame kutoka juu

Kizazi changu kilianza kusikia habari za ramani za ziwa kwa sababu ya magugu maji. Miaka ya 1990 redio haikumaliza wiki bila kuyataja. Asili ya mmea huo ni Amerika ya Kusini. Ulionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ukawa unaushusha mwaka hadi mwaka. Ulifunga mialo, ukakokota nyavu, ukawafanya wavuvi watumie nusu ya asubuhi kusukuma mtumbwi kabla hawajayaona maji meupe. Mwaka 1998 watafiti waliopima kwa picha za setilaiti walikuta umefunika zaidi ya hekta 17,000 katika ziwa zima. Baada ya hapo ukaporomoka. Wapo wanaowapa sifa mbawakavu walioletwa kuula, wapo wanaozitaja mvua na mawimbi ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Yaelekea yote mawili yalisaidiana.

Nilipoisoma namba ile nikiwa mwanafunzi, nilijiuliza ilipatikanaje. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Tanzania peke yake inamiliki karibu nusu. Hakuna boti inayoweza kulizunguka lote kabla magugu hayajahama yalikokuwa. Ilibidi mtu atazame kutoka juu.

Lakini kutazama kutoka juu nako kuna kikwazo chake. Picha za kawaida za setilaiti hutegemea mwanga wa jua, na Ziwa Victoria hujitengenezea mawingu yake lenyewe. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, wiki zinaweza kupita bila kupatikana picha moja safi ya Ghuba ya Mwanza. Na huo ndio wakati maji yanapopanda, mito inapomwaga tope, na mafunjo yanapong'oka. Ukitegemea jua, unapata picha nyingi za kiangazi, yaani za wakati ambao ukingoni hapatokei jambo kubwa.

Rada haingoji jua. Inakwenda na taa yake, kama wavuvi wa dagaa wanavyokwenda na karabai zao usiku usio na mwezi. Inatuma mawimbi, kisha inasikiliza kilichorudi. Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilirusha setilaiti ya Sentinel-1A tarehe 3 Aprili 2014. Inapita kilomita karibu 693 juu ya vichwa vyetu, ama alfajiri ama magharibi, na mawimbi yake yenye urefu wa sentimita 5.6 hivi hayazuiwi na mawingu. Kila baada ya siku 12 inarudi juu ya njia ile ile. Picha zake ni bure kwa yeyote duniani.

Picha ni bure, bando si bure. Faili moja lina karibu gigabaiti nzima, kwa hiyo nyumbani Buzuruga nilizoea kuwasha kompyuta usiku wa manane, wakati vifurushi ni rahisi na majirani wamelala, nikaiacha ipakue hadi asubuhi. Mama alidhani ninaangalia filamu. Nilipomwonyesha picha yenyewe, nyeusi na kijivu, imejaa madoadoa, alinihurumia.

Kinachorudi na kisichorudi

Nilimweleza mama hivi, na bado sijapata maelezo bora zaidi. Wimbi la rada linashuka kwa mshazari. Likikuta maji yaliyotulia, linateleza na kuendelea mbele. Kwa setilaiti hakirudi kitu, na mahali hapo panaonekana peusi. Likikuta kichaka cha mafunjo, linaingia kwenye vichwa vyake vyenye nyuzi nyingi, linagongwa huku na huku, na sehemu yake inarudi. Hapo panakuwa kijivu au peupe. Na likikuta mabua yaliyosimama wima ndani ya maji, linagonga maji, linagonga bua, kisha linarudi moja kwa moja lilikotoka likiwa na nguvu. Ndiyo sababu matete yaliyozungukwa na maji yanaweza kung'aa kuliko nchi kavu iliyo jirani yake, jambo ambalo macho ya kawaida hayawezi kulitarajia.

Urefu wa wimbi nao una neno. Wimbi la sentimita 5.6 huishia sana kwenye vichwa vya mafunjo, ambayo yanaweza kufika mita nne au tano kwa urefu. Setilaiti za Japani za ALOS zinatumia wimbi la sentimita 23 na zaidi, ambalo hupita vichwani na kushuka hadi kwenye mabua na maji yaliyo chini. La kwanza linakueleza habari za majani, la pili linakueleza kama chini ya majani kuna maji.

Mwanza ina vituko vyake. Mawe yetu, yale yanayopamba kadi za posta, kwenye rada yanawaka na kuonekana kama yameegemea upande ilikopita setilaiti, kwa sababu kilele chake kiko karibu na setilaiti kuliko kitako chake. Inabidi kuyarudisha mahali pake kwa kutumia vipimo vya mwinuko, na vile tunavyotumia wengi wetu vilichukuliwa na chombo cha Marekani kilichoruka Februari 2000. Mabati ya nyumba zilizopanda milimani nayo yanawaka. Meli iliyotia nanga inawaka. Na upepo ukivuma, maji yanakunjamana, yanaanza kurudisha mawimbi, na ghuba iliyokuwa nyeusi inakuwa kijivu kiasi cha kukufanya udhani imeota majani usiku mmoja.

Kwa hiyo picha moja ya rada haimjibu mtu. Weupe mmoja unaweza kuwa mafunjo, unaweza kuwa magugu maji, unaweza kuwa majaruba ya mpunga kule Magu, unaweza kuwa upepo. Picha moja inakueleza umbo la kitu, haikuelezi ni kitu gani.

Walikonifundisha habari za chumvi

Nilipata nafasi ya kuendelea na masomo ITC, Enschede, nchini Uholanzi, chuo walichopitia wapimaji wengi wa Tanzania kwa miongo mingi. Mfano uliotumika darasani mara kwa mara ulikuwa nyika za chumvi za Bahari ya Wadden, pwani inayoanzia Uholanzi, ikapita Ujerumani hadi Denmark, na ambayo UNESCO ilianza kuiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Tulipelekwa kuziona. Ni uwanda tambarare wa majani mafupi, tope na vijito vinavyojipinda, mahali ambapo bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Hakuna mti. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mwalimu alilazimika kupaza sauti.

Alichopaza sauti kukisema ndicho kilichonifaa maisha yangu yote ya kazi. Katika nyika ya chumvi, kila mmea una daraja lake. Inayostahimili kuzamishwa kila siku inakaa chini karibu na tope. Inayochukia chumvi inapanda juu, inakofikiwa na maji makuu ya bamvua tu. Tofauti ya urefu kati ya daraja na daraja ni ndogo mno, na rada haiwezi kuiona moja kwa moja. Lakini setilaiti inapita saa ile ile ya ukutani, ilhali maji kujaa na kupwa husogea kwa dakika kama 50 kila siku. Ukikusanya picha za kutosha, utakuta nyingine zilipigwa maji yakiwa yamejaa, nyingine yakiwa yamekupwa, nyingine katikati. "Msizipange kwa tarehe," alisema. "Zipangeni kwa kina cha maji." Ukizipanga hivyo, kila kipande cha ardhi kinakuonyesha kinazama maji yanapofika wapi, na ukishajua hivyo, umekaribia kujua kinaota nini.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki haina nyika za namna ile kwa wingi. Kwetu nafasi hiyo imeshikwa na mikoko, na nyuma ya mikoko kuna majangwa madogo ya chumvi yenye mimea minene ya kutambaa. Mikoko ya delta ya Rufiji imo katika ramani za dunia nzima zilizotengenezwa kwa rada za Japani, kuanzia JERS-1 ya miaka ya 1990 hadi ALOS. Mtu wa Kilwa au Pemba angelielewa somo la mwalimu yule palepale, maana bamvua na maji mafu ni kalenda yake. Mimi mtu wa bara nilikaa nikiwaza kwamba somo halinihusu. Ziwa letu halina chumvi, wala halijai na kupwa.

Nilipolifikiria zaidi nikaona kwamba linajaa na kupwa, ila kwa miaka. Mvua za mwishoni mwa 1961 na miaka miwili mitatu iliyofuata zililipandisha karibu mita mbili na nusu. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, kwa sababu ya ukame na kwa sababu mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, yaliachia maji mengi kuliko makubaliano ya zamani. Kisha mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Mwaka 2024 maji yakapanda tena. Bahari inamaliza mzunguko wake kabla ya chakula cha jioni. Ziwa linaweza kuhitaji umri mzima wa mtu.

Basi niliporudi nilifanya kama nilivyofundishwa pwani ya Wadden. Nilizikusanya picha za rada za Ghuba ya Mwanza na Ghuba ya Speke hadi mdomo wa Mto Simiyu, nikaziacha tarehe kando, nikazipanga kwa kina cha ziwa. Kina kinajulikana: kuna vipimo bandarini, na tangu 1992 kuna setilaiti zinazopima urefu wa uso wa maji zikiwa angani. Kisha kwa kila kipande cha ardhi chenye upana wa mita kumi niliuliza maswali mawili. Kwa kawaida kinarudisha mawimbi kiasi gani? Na kinabadilika kiasi gani?

Swali la pili ndilo lililotenganisha mambo. Mafunjo yaliyoshika mizizi yanarudisha mengi na hayabadiliki sana, masika na kiangazi. Magugu maji yanarudisha mengi leo, na picha ijayo mahali pale pale ni peusi, kwa sababu upepo umeyahamisha. Majaruba ya mpunga yanakuwa meusi yakijazwa maji, halafu yanang'aa taratibu mpunga unapokua, halafu yanafifia baada ya mavuno, na mwaka unaofuata yanarudia. Maji matupu ni meusi, na siku za upepo yanachafuka. Vitu vinavyofanana katika picha moja vinatofautiana kwa mwenendo.

"Mafunjo ya mwaka gani?"

Ramani ya kwanza ilipotoka niliichapisha, nikaikunja, nikapanda daladala kuelekea upande wa Igombe. Kwenye mwalo mmoja nilielekezwa kwa mzee aliyekuwa akishona nyavu chini ya mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mwangaluka. Unatafuta samaki au unatafuta mtu?"

"Natafuta mafunjo, mzee. Nataka kujua yanaanzia wapi na kuishia wapi."

Aliinua macho kutoka kwenye nyavu. "Mafunjo ya mwaka gani?"

Nilikaa chini. Alinisimulia ufukwe ule kwa miaka, si kwa maeneo. Akiwa mtoto, karibu na Uhuru, maji yalipanda yakafuata miti iliyokuwa mashambani. Mwaka 2006 maji yaliondoka, watu wakalima mchicha na nyanya mahali ambapo babu zao walivua kamongo, na wengine wakajenga. Mwaka 2020 maji yalirudi, na mafunjo yaliyokuwa yameshika ardhi yakang'oka, yakaelea na udongo wake, ndege wakiwa juu yake. Kwa hilo sikuhitaji ushahidi mwingine: mwezi Aprili mwaka huo huo, kisiwa kinachoelea kilikwenda kuziba mitambo ya umeme kule Jinja, na sehemu kubwa ya Uganda ikakaa gizani.

Nilimfungulia picha zangu kwenye simu, moja baada ya nyingine. Hakuhitaji maelezo ya wimbi wala sentimita. Aliziangalia akarudi nyuma, akaenda mbele, kisha akaweka kidole. "Hili ni gugu, lilikuja na upepo, likaondoka. Hili ni funjo la siku zote. Hili hapa," akakuza picha, "ni funjo, lakini linatembea."

Hapo ndipo kanuni yangu ya kutulia na kuhama ilipokutana na mwalimu mwingine. Kwa hesabu ya rada, kinachohama ni gugu na kinachotulia ni funjo. Kumbe funjo nalo huhama, mwaka ambao ziwa linataka. Wanawake wanaokata mafunjo kwa ajili ya majamvi na kuezekea waliniongezea la tatu: mafunjo yaliyokatwa au kuchomwa moto wakati wa kiangazi hupotea kwenye picha, kisha yanasimama tena kabla mwaka haujaisha. "Usije ukaandika kwamba tumeyamaliza, mwanangu," mama mmoja aliniambia, panga mkononi. "Tunakata, yanaota. Anayeyamaliza ni yule anayemwaga kifusi." Alikuwa sahihi kwa namna ambayo rada inaweza kuithibitisha. Palipokatwa panafifia na kurudi. Palipomwagwa kifusi panafifia na kubaki hivyo, hadi siku bati linapowaka.

Kwa hiyo kwenye ramani zilizofuata niliongeza safu mbili: funjo lililoshika na funjo linaloelea. Na nikaongeza alama ya mahali panapovunwa. Safu hizo zote rada ilikuwa na taarifa zake tangu mwanzo. Ilikosa mtu wa kuzitaja majina.

Mita 60 kuanzia wapi?

Kila anayeishi kando ya ziwa Tanzania anaijua namba moja hata kama hajawahi kuisoma sheria yenyewe: mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Ni namba nzuri. Shida yake ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Chukua hesabu nyepesi. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020, ziwa lilipanda zaidi ya mita moja. Kwenye majabali ya Capri Point, hapa Mwanza, mita moja ya kupanda ni hatua chache tu. Mwamba unalowa, basi. Lakini kwenye uwanda wa mdomo wa mto, ambako ardhi inashuka mita moja kwa kila mita 100, maji yakipanda mita moja yanaingia nchi kavu mita 100. Mtu aliyejenga kwa uaminifu mita 70 kutoka kwenye maji ya mwaka 2006 alijikuta mwaka 2020 yuko ndani ya ziwa, na kikuta chake kimezungukwa na maji. Sheria ilimruhusu, ziwa halikumruhusu. Upande mwingine yuko aliyebomolewa kibanda kwa kuhesabiwa kuanzia kwenye maji ya mwaka wa mafuriko, mahali ambapo wazazi wake walilima maisha yao yote.

Nilipoipeleka ramani katika ofisi moja, ofisa aliyenipokea aliisifu rangi zake, kisha akasema, "Dada, hii nzuri. Sasa tupe mstari." Nilijaribu kumweleza habari za upana. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza swali la haki kabisa: bikoni ataiweka wapi? Mtu anayesimamia sheria hawezi kwenda uwandani na asilimia. Anahitaji mahali pa kuchimba shimo na kumwaga zege.

Tulikubaliana mistari mitatu. Wa kwanza ni wa maji ya chini kabisa yaliyoonekana kwenye picha. Wa pili ni wa mahali ambapo maji yanafika katika miaka ya kawaida. Wa tatu ni wa maji makuu. Kati ya wa kwanza na wa tatu ndiko kuliko na ukingo wenyewe, na kila kipande humo ndani kimeandikwa kinazama mara ngapi katika kila picha mia. Sehemu nyingine ukanda huo ni mwembamba kama njia ya ng'ombe. Sehemu nyingine ni mpana kuliko kata nzima ya Buzuruga. Ofisa alipata bikoni zake, na mimi nikapata ukanda wangu.

Ukanda huo una wenyewe. Ndani ya mafunjo maji yana hewa kidogo sana ya oksijeni, kwa sababu majani mengi yanaoza humo. Sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, kwa kiasi cha kutisha, hawezi kukaa muda mrefu kwenye maji ya namna hiyo. Furu wa aina kadhaa wanaweza. Kamongo, anayepumua hewa ya juu, anastarehe. Kwa hiyo pale ambapo mafunjo ni mapana, furu wana mahali pa kujificha, na pale palipobaki mstari mwembamba wa majani, hawana. Tope na mbolea kutoka mashambani na mijini hunaswa humo pia kabla havijafika ziwa lenyewe. Mto Mirongo, unaokata katikati ya jiji na kubeba taka zetu, unaingia ziwani bila kupita kwenye mafunjo ya maana. Simiyu una bahati zaidi, kwa sasa.

Nilichokiokota

Vijana wanaokuja kujifunza kazi hii hufika wakiwa na hamu ya vifaa. Na vifaa vinazidi kuwa vizuri. Julai 2025 Marekani na India zilirusha NISAR, rada yenye wimbi refu, la sentimita 24 hivi, inayopita kila siku 12, na picha zake zinatolewa bure. Kwa rada hiyo tutaweza kufuatilia maji yaliyo chini ya mafunjo mwaka mzima bila kulipia. Huku juu ya maji kuna mgeni mwingine, gugu dogo la salvinia, ambalo limeanza kusumbua ghuba yetu. Limelala karibu kabisa na uso wa maji, kwa hiyo msomaji wa rada atalazimika kuwa makini kuliko alivyokuwa kwa gugu maji la zamani. Kazi ipo.

Vijana hao nawaambia mambo matatu. La kwanza, usikiamini kitu kwa sura yake ya siku moja; kifuate mpaka ujue mwenendo wake. Hili linawafaa hata kwenye uchumba, na huwa wanacheka. La pili, setilaiti inapima, jina linatolewa na anayeishi na kitu. Mpimaji anayeogopa kukaa chini ya mti na mshona nyavu atabaki na makundi ya rangi yasiyo na maana kwa mtu. La tatu, ramani isiyosema ilichorwa maji yakiwa wapi haijakamilika, hata kama ina mhuri. Tarehe peke yake haitoshi. Kwenye kona ya kila ramani ya ufukwe paandikwe kina cha ziwa cha siku hiyo, pembeni ya kipimo na mshale wa kaskazini.

Na kwa wasio wapimaji, hasa ndugu zangu wa Buzuruga ambao siku hizi wameanza kutafuta viwanja vinavyoangalia ziwa: dalali akikuonyesha kiwanja, muulize ramani yake ni ya maji ya mwaka gani. Akishindwa kujibu, waulize wazee wa mwalo wa karibu. Na kama nao hawapatikani, subiri masika ipite kwanza, ndipo utoe hela.